Kumbukumbu ya mradi: BMX yangu inapata mwenyewe mpya

Baiskeli hii ya BMX imekaa stoo kwa mama, huku Umoja, Nairobi, tangu magoti yangu yalipoanza kugonga usukani. Ni ya magurudumu ya inchi 20, fremu ya chuma, nyekundu. Wanunuzi wa vyuma kuukuu wamepita na mikokoteni yao mara nyingi, na kila mara mama aliwaambia kwamba ina mwenyewe.

Mwenyewe sasa ni mpwa wangu, mwenye miaka saba. Nilishusha kiti hadi mwisho nikamkalisha, nyayo zote mbili zikalala chini. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nakingoja. Sipendi mtoto kupewa baiskeli kubwa ati atakua aifikie, kwa sababu kabla hajaifikia atakuwa ameshaiogopa.

Kuifungua

Nilianza na pedali. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo ukiizungusha kama nati nyingine unaikaza zaidi. Niliilaza na oili usiku kucha, asubuhi nikaichukua kwa spana namba 15 iliyochomekwa bomba, ikalia kidogo ikaachia.

Ekseli ya mbele ilikuwa na gololi kumi kila upande, na kadhaa zilikuwa zimeliwa vishimo. Gololi iliyoliwa haisafishwi. Ukiirudisha itakula na koni, kile kipande ambacho gololi huzunguka juu yake, na koni ni kazi kuipata. Nimeweka mpya zote, grisi ya kutosha, na kukaza nati hadi gurudumu lizunguke bila kuchezacheza.

Cheni niliiloweka kwenye mafuta ya taa, kisha nikaipima kwa rula. Viungo 24 vinatakiwa kufika inchi 12 kamili. Yangu ilipita kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi, na cheni iliyovutika hivyo humaliza meno ya gia. Nimenunua nyingine.

Tairi za inchi 20 haziingiliani zote, na hapa wengi hupoteza pesa. Pembeni mwa tairi tafuta namba ya mwisho: za BMX huandikwa 406, na kuna nyembamba za 451 ambazo haziwezi kukaa kwenye rimu hii hata uzivute vipi. Kule soko la Gikomba nilisoma namba kwanza, bei tukaizungumza baadaye.

Fremu

Hapa nilikaa sana. Nilipokuwa mdogo, bomba la nyuma karibu na ekseli lilikatika, baba akaipeleka kwa mafundi wa jua kali Kamukunji wakaichomelea. Nilipotoa rangi kwa msasa kile kiungo kilijitokeza: mstari wa vigamba vidogo vilivyolaliana, mnene kuliko bomba lenyewe. Nilimwonyesha fundi wa mtaani, akakigonga, akakitazama kwa tochi, akasema kiko imara. Sikukisugua kiwe laini. Kukisugua kunapunguza chuma kinachoshikilia, na pia nakipenda vile kilivyo. Baba alisimama pale hadi kikapoa.

Nilikuwa nimeshanunua praima na kopo la rangi nyekundu ileile. Mpwa wangu akaja kutazama, akashika fremu tupu, akauliza, "Mjomba, hii ni yangu ama ni yako?"

"Ni yako."

"Basi nataka zambarau."

Ilinichoma kidogo, sitaficha. Lakini kitu nisichoweza kuruhusu kibadilishwe rangi bado sijakitoa, nimekiazimisha tu. Tulienda hadewea pamoja, akachagua mwenyewe. Tulipuliza mikono mitatu myembamba ya rangi na kuacha kila mmoja ukauke, maana ukipuliza mwingi kwa mara moja unatiririka.

Breki na kujifunza

Breki zilitaka kufikiriwa upya kwa sababu vidole vyake vilifikia mkono wa breki kwa ncha tu. Kuna skrubu ndogo kwenye mkono huo, nayo ukiikaza inausogeza karibu na usukani. Nilikaza hadi kiungo cha kwanza cha kidole kikashika vizuri. Raba za breki ni mpya, waya pia.

Pedali sijazirudisha. Anajisukuma kwa miguu hapa kwenye lami mbele ya nyumba, akiteleza na kuinua nyayo, ili kwanza azoee kujisawazisha. Tayari anafika lango la jirani bila kugusa chini. Akianza kupinda kona bila kushtuka nitazifunga, na akishaizoea breki nitampeleka kwenye njia za baiskeli za msitu wa Karura.

Dada yangu ameuliza kama baiskeli itarudi stoo siku binti yake atakapoipita. Nimemwambia hilo ataamua binti mwenyewe. Kwa sasa anadai kengele, na madigadi nataka yawe yamefungwa kabla mvua za Machi hazijaanza.