Somo la michikichi nililolipitisha kwenye kibanda cha nyimbo

Kwa muda mrefu nimeambiwa kwamba afisa ugani wa zama hizi asiye na kamera nzuri, taa za kusimama na ukurasa wa video amepitwa na wakati. Mkufunzi mmoja aliyeletwa kutunoa alilisema hilo mbele ya darasa zima, akatuonyesha ukutani video za mashamba ya nchi nyingine zilizopigwa kutoka angani, kisha akasisitiza kwamba mkulima hujifunza kwa macho na wala si kwa masikio. Ushauri ule ulinilia fedha na, kibaya zaidi, ulinilia msimu mzima wa kupanda. Naandika haya kwa sababu nimeipata njia inayofanya kazi katika vijiji vya upande wa Mwandiga, Bitale na Mahembe, na nisingependa mwenzangu yeyote wa mkoa huu wa Kigoma aambiwe tena kwamba bila kamera hana la kufanya.

Kazi yangu ni michikichi. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza kulisukuma zao hili mkoani kwetu na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu bora, swali ninalokutana nalo kila kijiji ni lile lile: kwa nini nisiokote mbegu chini ya mchikichi wa jirani unaozaa vizuri? Jibu lake linataka maelezo yaliyotulia. Mchikichi bora wenye mafuta mengi ni wa aina ya Tenera, nayo hupatikana kwa kuchavusha Dura, ambayo kifuu chake, yaani ganda gumu la kokwa, ni kinene, kwa chavua ya Pisifera, ambayo haina kifuu. Mbegu iliyookotwa chini ya Tenera haitoi Tenera tupu, bali huchanganyika: mingine hurudi kuwa Dura, na mingine huwa Pisifera, ambayo mara nyingi haikomazi matunda. Mkulima aliyepanda mbegu hiyo hutambua hasara yake baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia. Somo la namna hii halihitaji picha ya angani. Linahitaji mtu alisikie, alirudie, kisha abishane nalo.

Hata hivyo nilianza na video, kama nilivyoelekezwa. Nilinunua kishikizo cha simu na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, vyote kwa fedha yangu, nikaenda shambani Bitale kutangaza mubashara jinsi ya kukata makuti. Mwenye shamba alisimama na panga lake, amevaa shati la kanisani kwa heshima ya kamera. Mtandao ulishika kwa dakika chache, kisha picha ikaganda panga likiwa hewani, ikarudi, ikaganda tena. Waliotazama walikuwa maafisa wenzangu na jamaa zangu wa Dar es Salaam; mkulima wa kijiji kile hakuwamo hata mmoja. Nikaona basi nirekodi kwanza, nitume baadaye. Video ya ubora wa 1080 kwenye simu yangu inakula zaidi ya megabaiti 100 kwa dakika, hivyo somo la dakika kumi na mbili lilivuka gigabaiti moja. Ukilibana mpaka lipite kwa bando la kawaida, huoni tena mpaka kati ya kuti na mkungu, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Mwenye shamba ndiye aliyeuliza swali ambalo mkufunzi hakulifikiria. Alitoa mfukoni kitochi chake, simu ndogo isiyo janja, namba zimefutika kwenye batani, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira wa ndani ya baiskeli, akasema, “Bibi shamba, hiyo video yangu mimi nitaionea wapi?” Nilipokishika kile kitochi, kilikuwa kinapiga wimbo. Ndani yake kulikuwa na memori kadi iliyojaa nyimbo, na nikagundua kwamba karibu kila mwanamume niliyekutana naye shambani alikuwa nayo moja, na mama zetu wengi wanayo kwenye redio ndogo zenye tundu la kadi.

Hapo nikaiacha picha, nikahamia kwenye sauti, na hesabu ilinifurahisha mno. Sauti isiyobanwa, ya kiwango cha sidii, hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Sauti hiyo hiyo ukiigeuza kuwa MP3 ya mkondo mmoja kwa kilobiti 64 kwa sekunde, inashuka chini ya nusu megabaiti kwa dakika, na maneno yanasikika bila tatizo lolote. Somo la dakika sita ni megabaiti tatu hivi. Kadi ya gigabaiti 4, ambayo watu wengi wanaiona ni ya zamani, inabeba zaidi ya saa 130 za mazungumzo. Kwa nini hakuna mkufunzi aliyetupigia hesabu hii?

Kurekodi ninarekodi nyumbani usiku, baada ya saa nne, kwa sababu mapema zaidi ya hapo majirani wangali macho, na alfajiri majogoo hawampi mtu nafasi. Godoro la watoto naliegemeza ukutani, dirishani natundika blanketi, na simu naiweka kando kidogo ya mdomo, umbali wa shubiri moja, ili pumzi isiipige. Nikiwa shambani, kipaza sauti nakivisha soksi safi ya mtoto, na hiyo imeuzuia upepo kuliko kifaa cha sponji nilichouziwa. Kusafisha nasafisha kwa Audacity, programu ya bure iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 na ambayo inafanya kazi kwenye kompyuta yangu mpakato ya ofisini bila kulalamika. Kwanza nakata sauti nzito zote zilizo chini ya hezi 80, ambako mngurumo wa upepo umejaa. Kisha nachagua sekunde chache ambazo hakuna anayesema, naionyesha programu kwamba huo ndio uchafu wenyewe, nayo inauondoa katika rekodi nzima. Kuupunguza kwa desibeli 12 kunatosha. Ukizidisha sana, msemaji anasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe.

Klipu za kwanza nilizituma kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, na wenye simu janja walizipokea vizuri. Tatizo lilikuwa kwa wengine. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa mfumo wa Opus, ambao ni mzuri sana kwa kubana maneno, lakini kitochi hakiujui. Kijana akimhamishia baba yake faili ile kwenye kadi, baba anaona jina tu na haisikiki kitu. Ndiyo maana kila klipu yangu sasa inatoka ikiwa MP3 tangu mwanzo, na ile ya WhatsApp naituma kama faili, si kama ujumbe wa sauti.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia kuliko yote. Sokoni Mwandiga kuna kijana mwenye kibanda cha kujaza nyimbo. Ana kompyuta moja, spika moja inayoelekezwa barabarani, na kisanduku cha plastiki ambamo kadi za wateja zimepangwa, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina. Watu wanaacha kadi asubuhi wakiingia sokoni, wanazichukua jioni wakirudi vijijini. Nikajiambia kwamba mtu huyu anawafikia wakulima wangu wengi kwa siku moja ya soko kuliko mimi na pikipiki yangu.

Nilimpelekea klipu zangu kwenye flashi, zikiwa ndani ya folda niliyoipa jina KILIMO BORA. Aliniamkia, akaitazama ile folda, akatikisa kichwa. “Shikamoo, mama. Hii ukiiacha hivi hakuna atakayeifungua. Mtu anabonyeza wimbo wa kwanza, anaweka simu mfukoni, anaendelea na jembe. Kitochi kinafuata majina kwa mpangilio, hakirukii folda nyingine. Weka maneno yako katikati ya nyimbo.” Tukakaa naye pale kwenye benchi. Yeye hutanguliza namba mbele ya jina la kila wimbo ili zifuatane anavyotaka, basi tukaziingiza klipu zangu kwa namba zile zile, baada ya kila nyimbo kadhaa. Akanieleza pia kwamba dakika sita ni nyingi, mtu atabonyeza mbele. Nikazikata ziwe za dakika mbili mbili. Na salamu ndefu za “ndugu wakulima, karibuni katika kipindi” nikazifuta zote. Klipu ya mbegu sasa inaanza ghafla: “Mchikichi wako una miaka minne na hauzai. Mbegu uliitoa wapi?”

Namlipa kidogo kila mwezi, fedha ya chai na umeme wake, na sijawahi kuona fedha ya ugani iliyofanya kazi kubwa kwa bei ndogo kiasi hicho. Haukupita muda nikapita Bitale, kwenye mgahawa wa chai wenye sabufa kubwa, nikasikia muziki umekwisha na sauti yangu mwenyewe inauliza ile mbegu ilitoka wapi. Watu waliacha vikombe. Mzee mmoja alidai kwamba yeye ameokota mbegu maisha yake yote na mawese anayo. Mwingine akamjibu kwamba anaongelea Dura, na Dura ile inatoa mafuta kiasi gani? Ubishi uliendelea mpaka klipu ya pili ilipokuja kueleza tofauti ya kifuu. Siku nyingine mwanamume nisiyemfahamu alikuja ofisini na kitochi mkononi, akanichezea klipu ya nafasi za kupanda, ile isemayo mita tisa kwa mtindo wa pembetatu, ambayo kwa hekta inaleta miche 143, akasema, “Inayofuata kwangu imekatika. Nimekuja unimalizie.” Alikuwa ametembea kutoka mbali kwa ajili ya dakika mbili zilizobaki.

Nyumbani nako teknolojia hii imeingia kwa mlango wake. Baba yangu amekwea michikichi na kukamua mawese tangu ujana wake, na maneno yake mengi ya kazi ile ni ya Kiha. Nilianza kumrekodi barazani kwa ajili ya kundi la ukoo tu, ili ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam na watoto wao wamsikie, huku wajukuu wakimuuliza maswali. Klipu moja, anapoeleza namna ya kuujua mkungu ulioiva kwa kutazama chikichi zilizoanguka zenyewe chini ya mti, ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliomba ridhaa yake, nikaipeleka kibandani. Wazee wanamsikiliza yeye kuliko wanavyonisikiliza mimi, na hilo nimelichukua kama lilivyo: masomo ya uvunaji sasa anayasema yeye, kwa Kiha.

Kwa upande wa ofisi, ambako kila kitu lazima kiandikwe, nimejaribu Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwezi Septemba 2022. Inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta bila intaneti, na hilo ndilo lililonivuta. Toleo lake dogo ni la haraka lakini Kiswahili linakivuruga. Toleo kubwa linaandika vizuri zaidi, ila kwenye mashine yangu naliachia lifanye kazi usiku, nikiamka nakuta maswali ya wakulima yameandikwa. Lazima uyapitie kwa macho yako. Maneno kama mchikichi na Pisifera huyaandika kwa namna yake, na penye ukimya mrefu huweza kuingiza sentensi ambayo hakuna aliyeitamka, hivyo nafuta kimya chote kwanza kwa Audacity. Kiha hakimo katika lugha zake, na ukiipa itakulazimishia maneno ya Kiswahili yanayokaribiana kwa sauti. Maneno ya baba nayaandika mwenyewe kwa mkono, naye ananisahihisha.

Mwenzangu wa Kasulu ameshaziomba klipu zote. Nimempa, lakini nimemshauri azirekodi upya kwa sauti ya mtu wa kule, maana Kiha cha kwao kina lafudhi yake na wasikilizaji huitambua sauti ya mgeni mara moja. Nimemwambia pia atafute kadi zisizozidi gigabaiti 32 na azifomati kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi faili ambao vitochi vinausoma, kwa sababu vitochi vingi haviisomi kadi kubwa zaidi, na kwamba kabla ya kununua chochote aende sokoni kwake akamtafute mwenye kibanda cha nyimbo. Amenipigia simu juzi: wapo wawili, na mmoja anatoza bei nzuri.