Mbao kavu ya kliya

Jumatatu mama mmoja wa kanisa amekuja ku atelie yangu ya mbao hapa Ndosho, mu Goma, na kijana wake nyuma, na amesema vile mama wote wanasemaka: "Papa, umushike tu huyu, asikae ku nyumba." Umushike. Hakusema umufundishe kazi, apana, umushike, kama vile mtu anashika mbuzi ya jirani wakati jirani ameenda ku matanga. Nikamwangalia yule kijana, miaka 18 ao 19, viatu safi, simu mkononi, na nikakumbuka mimi pia nilishikwa vile vile.

Ilikuwa 2002. Wenye wako na umri wangu wanajua ile tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, volkano yetu Nyiragongo ilipasuka na moto ikashuka mpaka katikati ya mji, ikapita ikaenda mpaka mu ziwa, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba, sisi tulikuwa ndani ya hiyo hesabu. Kisha ile mawe ikapoa, na watu wakarudi wakaanza kujenga juu yake. Kuchimba fondasyo mu lava si mchezo, kwa hiyo watu wengi walijenga nyumba ya mbao, unapanga mawe, unalaza miti juu, unapiga mbao. Fundi wa mbao alikuwa mtu mkubwa ile wakati! Mama yangu akanipeleka kwa shemasi mmoja mwenye alikuwa fundi, akasema ile neno yenyewe, umushike.

Miezi mitatu ya kwanza sikugusa musumeno. Kazi yangu ilikuwa misumari. Watu walikuwa wanaokota misumari mu nyumba zenye ziliungua ao zilibomolewa, mzee ananunua kwa kilo, na mimi nakaa chini naigonga ku jiwe ya volkano mpaka inyooke. Nilimuchukia kabisa yule mzee. Nilikuwa nadhani ananitesa, kumbe (na hii nilielewa tu kisha miaka) alikuwa anaangalia kama nitarudia msumari wenye haujanyooka vizuri ao kama nitauficha chini ya mingine.

Hakuwa mtu wa kuhubiri mu kazi. Jumapili alikuwa anabeba sahani ya sadaka, basi. Lakini alikuwa na tabia moja: kila kadre (fremu), ya mlango, ya dirisha, hata ya kibanda cha kuku, alikuwa anapima kona kwa kona, halafu ile kona ingine mbili, na kama vipimo havilingani hata na nusu sentimetre anapiga na nyundo mpaka vilingane. Kliya, mwenye kununua, hawezi kuona nusu senti ku kibanda cha kuku, kuku pia hawezi. Yeye anapima tu.

Leo niko na vijana wanne, huyu mpya akibaki watakuwa watano. Wote ni wa kanisa, wawili wanaimba mu korali, kwa hiyo siku ya posho (Jumamosi) saa sita tunafunga ju ya repetisyo ya nyimbo, na kuna makliya wanakasirika. Mashini siwapatie mbele ya miezi sita. Wanaanza na rabo ya mkono, ile randa ya kulainisha mbao. Wao wanaona ni uzee wangu, lakini mashini inakata vidole haraka kuliko mbao, tena siku kurani (umeme) inaenda, fundi wa mashini anakaa ku kiti anaangalia simu, fundi wa rabo anaendelea.

Sasa niseme kitu yenye itakasirisha wengine. Mu makanisa yetu hapa Goma kijana akiwa na bidii tunamupatia mikro. Hatujui kitu kingine cha kumupatia. Niko najua vijana wenye wameanza kuitwa nabii na bado hawajui kulipa deni ya mama wa mihogo. Na ile Biblia tunasoma, ukifungua Kutoka 31, Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake, na huyu Bezaleli si mhubiri, ni fundi, ya dhahabu, ya mawe, na mstari wa 5 unataja mbao kabisa. Nilisoma hiyo mbele ya jenesi, vijana wa kanisa, siku moja, kijana mmoja akasema "Mukubwa, hiyo njo mara ya kwanza naisikia," na amekulia mu ekodimu, masomo ya watoto ya Jumapili, toka akiwa na miaka mitatu.

Lakini usidhani mimi ni mtu mzuri sana. Acha niwaeleze mlango wa libuyu, ile mbao ngumu ya pori.

Mama mmoja wa Himbi, mtaa mwingine wa Goma, alitaka mlango mkubwa wa mbele, na kadre yake, dola 120, na alitaka haraka ju familia ya mukwe ilikuwa inakuja na doti (mahari) ya binti yake. Libuyu yetu inatoka mbali, upande wa Beni na Ituri, na wakati barabara iko mbaya inafika kwa kuchelewa na wauzaji hawaiachi ikauke, inashuka ku gari inauzwa. Yenye nilipata ilikuwa mbichi. Niliijua kwa uzito, niliijua kwa harufu, ukipiga rabo ule unga wake unashikana mkononi. Mama akaja kuangalia, akauliza, "Fundi, hii mbao ni kavu?" Nikasema, "Kavu kabisa, mama."

Kijana wangu mmoja, tumwite Tenori ju ya sauti yake, alikuwa ameshika metre pembeni yangu. Hakusema kitu. Jumapili akaimba vizuri tu, mimi niko ku benchi ya wazee na kravati. Siku ya pili ya kazi, tuko wawili peke yetu, akaniuliza pole pole bila kuniangalia: "Mukubwa, ile mbao ya Mama, iko kavu ya ukweli ao iko kavu ya kliya?"

Nilikasirika sana. Nikamutuma kuteka maji, na maji ilikuwa iko.

Wenye hawajui mbao: mbao mbichi ukiifunga mu mlango haikufi pale. Inaendelea kukauka mu nyumba, na ikikauka inapungua upana, na paneli kama umeikaza na koli (gundi) pande zote haina mahali pa kwenda, inapasuka. Kisha miezi mbili Mama akaniita. Nilifika magaribi, hata sikufungua mlango ju sikuhitaji kufungua, nilikuwa naona taa ya sebule kupitia paneli.

Nililala vibaya. Kesho yake nikachukua vijana wote wanne, hata huyu Tenori, tukaenda kwa miguu mpaka Himbi, na mbele yao nikamwambia Mama kama mbao ilikuwa mbichi na nilijua. Nilitegemea atasema sawa, Mungu atusamehe sote. Hakusema. Alisema "Na wewe ni mzee wa kanisa," kisha akaingia ndani akatuacha nje. Nikafanya mlango mwingine bila franka yake hata moja, na mbao kavu yenye nilinunua kwa mwenzangu kwa bei ya wizi. Hiyo ilikuwa 2025, mabanki zilikuwa zimefunga toka mwisho wa Januari wakati vita iliingia mu mji, hakuna pa kukopa, ni AVEC yetu ya kanisa, kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, njo iliniokoa, na mu AVEC unasema mbele ya wote unakopa ju ya nini. Nilisema.

Toka ile siku "kavu ya kliya" imekuwa neno ya atelie. Mtu akiongopa kidogo: kavu ya kliya. Mtu akiomba sala ndefu mbele ya chakula na jana hakurudisha pesa ya mwenzake: kavu ya kliya. Wananiambia mimi pia, wanacheka, lakini wananiambia.

Na kitu chenye sikutegemea, wakaanza kunieleza mambo yao. Mbele walikuwa wananiambia tu "tuko muzuri Mukubwa". Sasa huku mtu anapiga msasa, macho chini, anatoa neno moja, ananyamaza, anatoa lingine. Nafikiri ni ju hawaniangalii. Ukimuita kijana mu biro ya pasta, kiti mbele ya kiti, anakauka kama mbao ya zamani. Mu mji huu kijana wa miaka 19 bila kazi kuna watu wengi wanamutafuta, na si wote wanataka kumufundisha kupiga rabo. Wawili kati ya hawa wangu walishafatwa. Sitasema zaidi ya pale.

Mmoja akaniambia binti mwenye anapenda amebeba mimba. Kanisa likajua kisha wiki mbili, likamutosha mu korali miezi sita, nizamu. Sawa, mimi mwenyewe nilikuwa mu ile kikao na sikupinga, na mpaka leo sijui kama nilipaswa kupinga. Lakini nilisimama nikauliza: Jumatatu yeye ataenda wapi? Wazee wakaniangalia. Hatukuwa tumefikiri Jumatatu. Tunajua kutosha mtu mu korali, ni rahisi, unapunguza shati moja ya uniforme, basi. Jumatatu alikuja ku kazi kama kawaida, macho mekundu, nikamupatia vitanda vitatu afanye peke yake, faida yake. Vitanda njo vililipa nusu ya doti. Ingine wajomba zake walichanga kisha kelele mingi.

Kuna mwingine aliondoka na rabo yangu ya umeme na viatu vya Tenori. Huyo pia nilimushika.

Sasa tuko na mabenchi ya kanisa. Pasta anataka mabenchi 24 kutosha viti vya plastiki, na alitaka kwa ubatizo wa Pasaka. Mbao ni ya mikaratusi, na mikaratusi ni mbao ya kiburi, ukiiacha ju ya jua inajipinda kama nyoka na inapasuka ku miisho. Kwa hiyo vijana wameipanga nyuma ya kanisa chini ya paa, kati ya kila mbao na ingine wameweka vibao vidogo ili upepo upite, miisho wamepakaa rangi ya zamani, na juu kabisa wamebebesha mawe ya volkano, yale mawe ya 2002, ili isijipinde. Mbao ya unene wa senti mbili na nusu wazee wanaihesabia karibu mwaka mzima. Kila wiki wanachukua kipande kimoja, ni kile kile tu, wanakipima ku mizani ya mama wa maharagi pale ku barabara, wanaandika ku ukuta. Siku uzito utaacha kushuka njo tutaanza kukata.

Huyu mpya mwenye viatu safi nilimupatia misumari, kopo nzima. Siku ya kwanza aligonga kidole mara mbili. Leo amerudi.

Na Pasta, kila Jumapili kisha ibada anapita nyuma ya kanisa, anaweka mkono juu ya mbao kama mtu anabariki mtoto, halafu anaangalia upande wa korali.

"Bado?"

"Bado, Pasta," Tenori anamujibu. "Saa hii iko kavu ya kliya."

Pasta hajui ile neno maana yake ni nini. Anaitika tu na kichwa, anaenda kusalimia wamama.