Nilivyolipata kaburi la babu Lang'ata

Babu alifanya kazi reli, akaishi kwenye nyumba za Muthurwa na kufia Nairobi. Nyanya alikuwa na watoto wadogo na hakuwa na pesa za kusafirisha maiti hadi Busia, basi akazikwa makaburi ya umma ya Lang'ata, hukohuko Nairobi. Kwetu mtu kuzikwa nje ya boma si jambo dogo. Kila kikao cha familia wazee waliuliza kaburi liko wapi, na kila mara jibu lilikuwa "Lang'ata", kana kwamba Lang'ata ni shamba la mtu mmoja.

Makaburi hayo yalifunguliwa mwaka 1958. Tangu miaka ya 1990 tunaambiwa yamejaa, na bado watu wanazikwa. Mengine ni ya kudumu, mengine ya muda, na ya muda hutumiwa tena miaka ikipita. Kwa hiyo unaweza kupata namba kamili ya kaburi na ukute amelala mtu mwingine. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Watu wengi huanza na jina. Mimi nakushauri anza na tarehe, kwa sababu daftari la maziko hujazwa siku baada ya siku, kadiri watu wanavyozikwa. Bila tarehe utafunua kurasa mpaka macho yaume. Cheti cha kifo hatukuwa nacho, nikamwendea shangazi.

"Shangazi, ilikuwa mwaka gani?"

"Mwaka sijui, mwanangu. Najua tu matanga hayajaisha, Mboya akapigwa risasi. Na kulikuwa na baridi kali, nilijifunika leso ya mama pale kaburini."

Hapo nilishukuru. Waziri Tom Mboya aliuawa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, na baridi ya Nairobi ni ya Juni na Julai. Kumbe shangazi alikuwa na kalenda yake miaka yote hiyo, hakuna aliyemuuliza.

Nilibeba kitambulisho, barua ya chifu na karatasi yenye kila namna ya kuandika jina la babu niliyoweza kufikiria. Karani wa makaburi aliniletea daftari pana, kingo za kurasa zimelika, wino wa buluu umefifia. Safu zilikuwa za tarehe, jina, umri, dini, mahali alipoishi marehemu, namba ya kibali cha kuzika na namba ya kaburi. Nilianzia mwanzoni mwa Juni, nikiteremsha kidole polepole. Yohana wetu nilimkuta kaandikwa "Juhana", na jina la ukoo limepungukiwa herufi mbili. Ningepita. Kilichonizuia ni safu ya makazi: Muthurwa. Umri nao ulikaribiana na ule aliotaja shangazi. Na pembeni, kwa mkono uleule, aina ya kaburi: la kudumu. Kumbe nyanya alilipa.

Ukienda makaburi ya vita kule Ngong Road, karibu kila jiwe lina jina, na orodha ya majina huwekwa langoni. Mjukuu wa askari aliyezikwa pale anaweza kumtafuta babu yake kwenye simu akiwa London. Wapagazi wetu wa vita ya kwanza ya dunia, waliokufa kwa maelfu, hawakuwekewa mawe ya namna hiyo. Sisi raia wa kawaida tuna lile daftari, ndiyo maana naona ni vibaya linavyozeeka bila kupigwa picha.

Uwanjani, mchimba kaburi mmoja alihesabu safu kuanzia njiani, akafyeka majani kwa panga mpaka tukaona kibao cha saruji chenye namba. Wazee walizungumzia kumfukua wampeleke nyumbani, ila kufukua maiti kunahitaji kibali cha serikali au amri ya mahakama, wakaamua bora jiwe. Shangazi aliagiza tuandike Yohana, kama alivyobatizwa.

Sasa anataka nimtafute mdogo wake aliyefariki akiwa mchanga, kabla hajapewa jina. Karani amenieleza kuwa watoto kama hao huandikwa kwa jina la mzazi, basi safari hii nitaangalia "mtoto wa Juhana" pia.