Siandikii mtu insha, lakini njoo tukae

Nilipopata nafasi Egerton, majirani zetu wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, walidhani naenda kusomea kilimo. Walikuwa na sababu, maana chuo hicho cha Njoro kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya wakulima na sifa hiyo haijaisha. Waliposikia ni ualimu wa Kiingereza na Fasihi, maombi yakaanza. Mara mtoto wa kidato cha pili ana insha ya kupeleka kesho, mara baba wa ploti ya pili anataka barua ya kuomba kazi, mara mwanafunzi mwenzangu wa idara nyingine anataka nimfanyie asainmenti ya stadi za mawasiliano, na pesa anazo mkononi. "Kwako si ni dakika kumi tu?"

Mambo ya watu wazima naandika bila shida. Hakuna anayetahiniwa kwa barua ya kazi. Wasifu wa marehemu ndio nauandika kwa moyo wote. Nakaa na familia, nauliza mama aliuza nini sokoni, alikuwa akiwaitaje wajukuu, alikasirishwa na nini. Mazishini tumezoea kusomewa shule alizosoma mtu na idadi ya watoto aliowaacha, na naona hiyo ni kumpunja.

Kazi ya kupewa alama siandiki hata sentensi moja. Yule mwenzangu nilimwambia aandike kwanza, hata kama Kiingereza chenyewe kitachechemea, kisha tuisome pamoja. Alinuna, lakini alirudi na karatasi. Jamaa mwingine anayewaandikia wanafunzi wa ng'ambo kupitia intaneti alinialika tushirikiane. Uingereza ilishaifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka wa 2022. Hata bila sheria ningekataa, kwa sababu mimi nataka kuwa mwalimu, na sitaki mwalimu mwenzangu popote alipo asahihishe kazi ya mtu ambaye hakuandika neno.

Aliyenifundisha namna ya kusaidia ni binti wa mama mboga wa langoni petu. Yuko kidato cha nne. Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina insha tatu za alama 20 kila moja: moja ya kubuni na mbili za vitabu teule, vile vya fasihi vilivyochaguliwa kutahiniwa. Alikuja na ile ya kubuni, kisa cha ajali. Aya ya kwanza jua linachomoza, ndege wanaimba, furaha haina kifani. Aya hiyo naijua neno kwa neno. Watoto wengi wa Kenya hukaririshwa wakiwa shule ya msingi, na mtahini amechoka nayo.

Nikamwambia afunge daftari anisimulie kwa Kiswahili ajali aliyowahi kuiona kwa macho. Alinyamaza kidogo, halafu ikamtoka. Walikuwa wakitoka kwa shangazi yake Eldoret, wakafika Salgaa wakakuta lori la karoti limelala ubavu. Karoti zimetapakaa barabara nzima. Watu wanakimbia na magunia. Konda wa matatu yao akavua shati akamfunga dereva wa lori mguu uliokuwa ukivuja damu, akabaki na fulana katika baridi ile. Kuna mama alikuwa akiokota karoti huku analia.

Nikampa kalamu. "Anza na karoti."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu bila kuinua kichwa. Makosa yalikuwepo: kila mara "the driver he", na vitenzi vya kisa vinaanza na wakati uliopita vinaishia na wakati uliopo. Sikusahihisha. Nilipiga mstari kwa penseli chini ya kila kosa, nikamwomba asome kwa sauti. Akifika kwenye mstari, sikio lake lilishtuka kabla yangu, akafuta mwenyewe. Yaliyobaki ndiyo tuliyoyazungumzia.

Kwa vitabu teule nafanya vivyo hivyo, kitabu kikiwa kimefungwa. Wengi hukisimulia chote, kutoka jalada hadi jalada, na swali linabaki bila jibu. Basi nauliza: swali linataka nini? Nani alifanya nini, kwa nini, kikatokea nini? Hoja nne zenye mifano zikishatoka mdomoni, kuandika kunakuwa kazi ya kawaida.

Mama mboga alikuja kunilalamikia. "Mwalimu, mbona umemwachia aandike mwenyewe? Nilimleta asaidiwe." Nikamwambia, "Mama, keti kidogo usikie," na binti akamsomea, akifafanua kwa Kiswahili pale mama alipokwama. Alipofika kwa konda, mama akadakia, "Hata lile shati hakurudishiwa!" Binti akachukua kalamu akaongeza hiyo.

Sasa Jumamosi alasiri wanakuja watoto kadhaa, tunakaa kwenye benchi kando ya mabomba ya maji. Sharti ni moja: mkono mtupu hauingii, uje na ulichoandika. Jumamosi ijayo tunaanza tamthilia.