Geti ni sentimita ngapi?

Nikisema kwa grupu yetu ya WhatsApp kwamba wikendi nilikuwa msituni Kakamega, lazima mtu aulize "na kiti je?" utadhani nilikiacha kwa veranda nikaenda bila. Watu wameshazoea kwamba sisi wa kiti cha magurudumu safari zetu ni kliniki, kanisani na matanga, mambo ya kwenda kupunga hewa na kuangalia ndege eti hayo ni ya wenye miguu yao. Sasa kwa vile maswali yamekuwa mengi wacha niandike mara moja nimalize, huwa naenda wapi huku kwetu kuanzia Kisumu mpaka Kakamega, Kitale na hata Nakuru, na nini hunirudisha nyumbani nikiwa nimekasirika.

Na si mlima. Mlima nauona nikiwa mbali, nikiona siuwezi nageuza. Kinachonimaliza ni majibu ya simu. Unapiga pahali unauliza kama mtu wa kiti anaweza kuingia, unajibiwa kwa roho safi kabisa, "hakuna shida mama, kuja tu, vijana wako hapa, watakubeba." Hiyo watakubeba jamani! Kuna pahali fulani, jina naliacha, niliambiwa hivyo hivyo, kufika napata ngazi za mawe zinateremka mpaka mtoni, na kabla sijafungua mdomo vijana wanne washanizunguka, wawili wameshika magurudumu, ambayo kazi yake ni kuzunguka, mmoja ameshika vishikio vya nyuma, na wa nne ameshika pale pa kuegemeza mkono, na kwa kiti changu hiyo sehemu inachomoka. Ikachomoka. Sikuanguka, nilidaka shati ya mtu, vifungo viwili vikaruka. Walikuwa watoto wazuri kabisa, mmoja alitaka hata kuninunulia soda, lakini hakuna aliyeuliza anishike wapi. Ukiombwa kumbeba mtu na kiti chake shika chuma ya fremu, ile isiyotoka, na umuulize mwenyewe kwanza, yeye ndiye anayejua.

Ninachotaka kuambiwa kwa simu ni vitu vidogo tu ambavyo mtu na futi kamba anavimaliza kwa dakika tano. Geti ni sentimita ngapi, juu kiti changu na ringi za kusukumia kinakula 64 na geti nyingi za miguu zimewekwa nyembamba makusudi ng'ombe na boda zisipite. Kuna ngazi ngapi kabla ya kuingia, hata moja ni ngazi. Njia ni lami, kabro, murram ama nyasi. Mteremko ukoje, na hapa kuna kipimo wajenzi wanakijua, rampu inafaa ipande sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, ikisimama kuliko hapo mikono yangu inasema hapana na mtu wa kunisukuma lazima awepo. Mvua ikinyesha inakuwaje. Na choo. Choo jamani choo, nitarudi hapo.

Huko Uingereza kwenye mbuga ya Lake District wana njia za mashambani wamezipanga kwa madaraja matatu, za wote, za wengi na za baadhi, kulingana na mteremko na ardhi yake, kwa hivyo mtu wa kiti cha kawaida anachagua yake na mwenye kiti cha nguvu ama msaidizi mwenye misuli anachagua yake. Nilipenda hiyo ya "baadhi" kuliko zote. Hawajifanyi kila pahali ni pa kila mtu, wanakwambia ukweli wa njia alafu wewe mwenyewe unapima na mwili wako. Mi hapa nataka kufanya jambo kama hilo kwa njia zetu, kienyeji tu.

Basi tuanze na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, juu ni karibu. Tuktuk kutoka mjini inakuleta, unakaa kwa siti na kiti kinakunjwa kando yako, ni rahisi kuliko matatu ambapo makanga anataka ulipie kiti cha magurudumu kama abiria mwenye mzigo wa mahindi. Pale Dunga kuna njia ya mbao iliyopitishwa juu ya kinamasi katikati ya mafunjo. Uzuri wa mbao ni kwamba ni tambarare, hakuna tope. Ubaya wake ni gurudumu dogo la mbele. Watu wanaangalia magurudumu makubwa wanasema yatapita, lakini la mbele ndilo linaloamua maisha yako, mbao zikiwa zimelazwa kukatiza njia unapita vizuri na mtetemo kiasi, pale ambapo zimeenda kwa urefu linaingia kwa upenyo linakwama na wewe kifua kinaendelea na safari. Dawa yake ni kuingia kwa mshazari kidogo, ama mtu wako ainue mbele, uende na magurudumu mawili ya nyuma. Mtoto wa dadangu anajua hiyo kazi mpaka ananiambia "anti tulia, nimekuinua," hata kabla sijaona upenyo wenyewe.

Ukifika ndani kwenye mafunjo sauti za mji zinakatika, yanakuzidi urefu pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza mtu aliyesimama na mtu aliyekaa wanaona kitu kimoja. Hapo ndipo wapenda ndege huja kumtafuta gonolek wa mafunjo, huyo mwekundu kifuani mwenye kichwa cha manjano, haonekani ovyo juu makao yake ni kwenye mafunjo hayo hayo. Mi nilimsikia kabla ya kumwona, na nilimwona kwa sababu nilikuwa nimekaa kimya chini, wenye miguu walikuwa wameshapita wakienda kupiga selfi mwisho wa mbao. Jambo moja, ziwa halikai pahali pamoja. Mwaka 2020 lilifura vibaya sana likaingia mpaka kwa nyumba za watu ufuoni, na maji yakipanda mbao ndizo huwa za kwanza kuumia, kwa hivyo picha uliyoona kwa intaneti inaweza kuwa ya mbao zilizoenda na maji. Piga simu wiki hiyo hiyo unayoenda.

Impala Sanctuary ni pale pale njiani, ni kadogo, hata kilomita moja ya mraba haifiki, ilitengwa 1992 kwa ajili ya swala pala waliobaki mjini na nzohe pia, wale swala wa kinamasi, na kwa mtu anayetoka mara ya kwanza baada ya kuumia ama baada ya stroku ningesema aanzie hapo. Asubuhi kabla ya saa nne. Jua la Kisumu la saa saba si la mchezo, ringi za chuma zinapata moto mpaka unasukuma kiti na mikono ya sweta. Makumbusho ya Kisumu pia ni sawa, yana uwanja na lile boma la Kiluo, lakini hiyo ni ya siku ambayo huna nguvu.

Sasa Kakamega. Huu ndio msitu wangu. Wanasema ni kipande cha mwisho kilichobaki Kenya cha ule msitu wa mvua wa Congo, na ukiingia Isecheno, kituo cha upande wa kusini, unaamini, hewa inabadilika, inakuwa na unyevu na harufu ya majani yaliyooza vizuri. Vijia vya ndani kwenye miti sahau, mizizi imepita njiani, mti umeanguka mwaka juzi bado uko hapo. Na kilele cha Lirhanda pia sahau, wenzio waende wakuletee picha. Lakini siri ya Isecheno ni ile barabara yenyewe ya murram inayokata msituni. Watu wa matembezi wanaidharau, wanaipita mbio wafike kwa vijia, kumbe ndiyo pana, ndiyo imeshindiliwa na magari, na miti inaifunika juu. Mbega wako juu hapo hapo, wale weusi wenye mkia mweupe, wanaruka barabara kwa juu kutoka upande huu mpaka ule, na hondohondo wakipita unasikia mabawa kabla ya kuona ndege, fuu fuu fuu. Nilikaa pahali pamoja nusu saa na mtembezaji wetu, mzee wa hapo anayejua kila mti kwa Kiluhya na kwa jina la kitabu, akaniambia, "Wewe mama unafaa kwa kazi hii, hawa wengine wanatembea sana hawaoni." Nikamwambia mzee si hiari lakini ahsante.

Kanuni ya Kakamega ni moja, ukisikia radi geuza. Mvua huko huwa inakuja mchana, na udongo mwekundu ukilowa unakuwa utelezi, magurudumu makubwa yanazunguka bila kwenda na yale madogo yanazama. Ukikwama usilazimishe kwenda mbele. Mwambie anayekusukuma akugeuze akuvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia yanapanda juu ya tope badala ya kulichimba. Hii nilifundishwa na fundi wa baiskeli pale Kibuye, na inafanya kazi kwa mchanga pia. Lakini ule udongo mweusi wa upande wa Kano hata kinyumenyume hausaidii, unashika taya safu juu ya safu mpaka gurudumu linagusa fremu, mvua za Machi mpaka Mei mi huko siendi kabisa, nangoja Desemba.

Saiwa Swamp kule Kitale inaniuma roho. Ni mbuga ambayo unaitembelea kwa miguu, kuna njia za mbao juu ya kinamasi, nzohe wako hapo, hakuna gari la kukupita na vumbi, ni kama mtu aliipanga kwa ajili yetu. Alafu minara ya kuangalilia wanyama ni ya kupanda, na njia ya mbao kama huna uhakika na upana wake usiingie peke yako, ukifika katikati na haiwezekani kugeuza utarudi kinyumenyume mpaka mwanzo. Hiyo naiweka kwa daraja la "baadhi", na baadhi hao wawe na msaidizi asiye na simu mkononi.

Nakuru kwa upande wangu ni mji wa kuangalia kutoka juu. Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru unakaa kwa gari isipokuwa sehemu zile zimeruhusiwa, kwa hivyo pale wote tuko sawa, wote tumekaa, na ziwa lenyewe limepanda miaka hii likameza geti la zamani na barabara za ufuoni. Menengai ndiyo naipenda, gari linakupandisha mpaka ukingoni na kreta yote iko mbele yako, kama kilomita 12 kwa 8, na mvuke ule wa visima vya stima huko chini. Ukingoni ni mawe na changarawe yenye kuinama, funga breki zote mbili na usimwamini mtu anayekwambia "sogea kidogo picha itoke poa". Tena huko ni juu, zaidi ya mita 2200, sisi wa ziwani mikono inachoka mapema. Hyrax Hill, pale mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba 1937 kutafuta mabaki ya watu wa kale, mi naishia kwa jumba la makumbusho chini, kilima chenyewe ni mawe.

Choo nilisema nitarudi. Kuna watu wengi hawanywi maji tangu asubuhi siku ya kutoka kwa sababu hawajui huko kuna nini, na kwa jua letu, na kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo, huo ni mwanzo wa kuugua kibofu na figo. Pahali pengine nilipata choo kimechorwa alama yetu mlangoni, safi, kubwa, na ndani wameweka ndoo za rangi na mafagio. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyeenda mazishini Bondo. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inatupa haki ya kufika pahali pote, na tulikuwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003, sasa tuna mpya ya 2025 iliyochukua nafasi yake, zote nzuri, hakuna hata moja iliyo na nakala ya huo ufunguo.

Vitu vya kubeba, haraka haraka: pampu ya baiskeli na tiubu ya akiba (taya za kiti changu ni saizi ambayo fundi wa kijijini hana), glavu, leso ya kufunika ringi zikipata moto, mto wako mzuri na si ule wa kukopa. Kila baada ya dakika 15 ama 30 jiinue kwa mikono ama uiname pembeni damu ipite, barabara ya murram inakupigapiga chini na kidonda cha kukalia hakijui kwamba ulikuwa unafurahia mbega. Punguza upepo kwa taya kidogo tu ukiwa kwa changarawe, ukirudi kwa lami ujaze.

Sasa kazi kwenu. Kama uko Kitale ama Kakamega mjini na una futi kamba, nipimie upana wa njia ya mbao ya Saiwa na mlango wa choo cha Buyangu, ule upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, mlango ukiwa wazi kabisa, si fremu, ile nafasi inayobaki. Nitumie namba na picha ya kizingiti. Mwezi ujao dadangu ana gari na hajaambiwa bado tunaenda wapi.