Injini ya Xantho

Wiki nzima hii kuna meli moja haijanitoka kichwani, inaitwa Xantho, ilizama Novemba 1872 pale Port Gregory, pwani ya magharibi ya Australia. Haikuwa na dhahabu jamani, ilibeba madini ya risasi, na mzigo wa risasi kwenye meli iliyochoka ni balaa.

Na Xantho ilichoka kweli. Iliundwa Dumbarton kule Scotland mwaka 1848, ikiwa ya mvuke na magurudumu makubwa ubavuni ya kupiga maji. Ikafanya kazi zaidi ya miaka 20 halafu ikaangukia kwa muuza vyuma chakavu wa Glasgow, badala ya kuikatakata akang'oa yale magurudumu akaifunga rafadha na injini ya mtumba iliyotoka jeshi la majini la Uingereza. 1871 akainunua bwana mmoja Charles Broadhurst aende nayo kwenye lulu huko Australia. Sasa injini yenyewe ni ile aina iliyobuniwa enzi za vita vya Crimea, miaka ya 1850, kwa boti za mizinga, inazunguka kasi, inataka mvuke wa presha kubwa na boila yake inataka maji yasiyo na chumvi, wewe unaipeleka pwani kame ambako hata maji ya kunywa ni shida na fundi yuko mbali huko! Mi naona pale ndipo mambo yalipoharibika, hata kabla ya ule mzigo.

Na lulu zenyewe, nisipite bila kusema hili, waliozizamia ni wenyeji wa Australia na vijana wa Kimalay walioletwa kutoka Batavia (Jakarta ya leo), wengi waliteseka sana, inaniuma kwamba majina yao hatuyajui ila la mwenye meli tunalo.

Basi mwaka 1985 timu ya Michael McCarthy, mwanaakiolojia wa bahari, ikaitoa ile injini majini, zaidi ya miaka 110 imelala chini, chuma hakionekani, imevikwa gamba gumu kama zege. Wakaanza kuligonga na kulibandua kidogo kidogo pale Fremantle, mji wa bandari hukohuko magharibi ya Australia, wanatoa chumvi iliyoingia ndani ya chuma, wanafungua nati moja moja, miaka na miaka. Nimekaa nawaza subira hiyo mpaka machozi yamenilenga.

Sasa hivi iko makumbusho hukohuko Fremantle, na ukiizungusha kwa mkono inazunguka.