Kabla ya Kununua Shokomzoba

Gari likianza kugonga mvunguni, hapa Mombasa jibu huwa tayari: nunua shokomzoba. Juzi dereva mmoja wa Probox kutoka Mtwapa aliambiwa hivyo kwenye gereji fulani, anunue zote mbili za mbele. Akaja kwangu Changamwe na pesa mfukoni. Nikamwomba ufunguo kwanza, kwa sababu fundi asiyeendesha gari la mteja anabahatisha.

Tukapita polepole penye vijishimo, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Ko-ko-ko kila kijishimo, lakini kwenye tuta la barabarani, kimya. Hapo anza na linki za stebileza, vile vijiti vinavyounganisha magurudumu na nondo inayozuia gari kulala upande. Tuta hunyanyua magurudumu yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo ile nondo haipindwi. Kijishimo hupiga upande mmoja, na linki iliyolika ndipo inapogonga. Tuliporudi nikaishika kwa mkono, ikacheza. Shokomzoba zilikuwa kavu, hazivuji mafuta, na nilipolibonyeza gari kwenye pembe yake lilipanda likatulia. Jamaa alilipia linki tu.

Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, fanya balansi ya magurudumu kwanza. Mtetemo ukiwa kwenye kiti zaidi kuliko mikononi, angalia ya nyuma. Ukitokea unapokanyaga breki tu, shuku diski. Beringi ya gurudumu yenyewe huvuma, na mvumo ukizidi unapokata kushoto, mara nyingi ni ya kulia, maana uzito umehamia huko. Gari likivuta upande, pima upepo, kisha badilishana tairi za mbele. Likivuta upande wa pili sasa, kosa ni la tairi, alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, haitakusaidia.

Kinachonikosesha usingizi ni boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu huku kikiliruhusu kugeuka. Ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna kazi tena. Raba yake ikipasuka, mchanga na maji huingia, grisi inakwisha, na hewa yetu ya chumvi inamalizia kwa kutu. Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, mwenzako akimulika ndani. Likicheza hivyo, ni boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia tu, tazama tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu.

Ndugu zangu wa matatu za Kisauni, boljointi ikicheza msipakie abiria hata safari moja. Leteni gari siku hiyo hiyo, ya malipo tutaongea.